Chupa za ujimbi zimepasuka stoo, na mama mkwe hataki tena kunifundisha

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimeolewa kwa Wagogo na tunaishi Veyula, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Kwetu ni Moshi, kwa hiyo pombe ya asili si kitu kigeni kwangu. Nimekua nikiona mbege ikipikwa. Ila ya huku ni nyingine kabisa, na mama mkwe wangu ndiye anayesifika kwa ujimbi, pombe ya mtama ya Kigogo, mtaa mzima. Msimu wa mavuno ukiisha, watu hawaulizi kama kuna shughuli, wanauliza kama mama amepika.

Baada ya kunizoea alianza kunifundisha. Analoweka mtama, anauvundika hadi uote, anauanika, anausaga. Kisha anapika uji mzito, anaupoza hadi kidole kivumilie, ndipo anamimina unga wa kimea na kukoroga. Kesho yake unaanza kuchemka wenyewe, keshokutwa watu wanakunywa. Siku ya nne hataki mtu aguse, anasema umekuwa siki.

Shida ilianza na shemeji yangu anayesoma Uingereza. Alitutumia video za watu wa huko wanaopika ale, bia ya Kiingereza, nyumbani na kuzifungia kwenye chupa, zinakaa miezi, zikifunguliwa zinatoa povu zuri. Akasema mama angekuwa tajiri. Mume wangu akalishika hilo neno kwa mikono miwili. Wifi yetu ana sendofu mwishoni mwa Agosti, yaani wiki saba kutoka sasa, na mume ameshawaambia ndugu kwamba meza zote zitakuwa na ujimbi wa chupa, chupa mia moja, zenye lebo ya jina la ukoo.

Nikafanya jaribio. Nilichukua ujimbi wa siku ya pili, nikauchuja kwa kitambaa, nikaweka vijiko viwili vya chai vya sukari kwa kila nusu lita, maana kwenye video walisema sukari ndiyo inayoleta povu. Nikajaza chupa za mvinyo tulizookota kwenye kumbi na kuzipigilia vizibo, na nyingine nikatumia zile chupa bapa za pombe kali zenye mfuniko wa kuzungusha. Nikapanga stoo, chumba kidogo chenye paa la bati.

Usiku wa pili tulidhani ni wezi. Vizibo viliruka hadi darini na chupa bapa kadhaa zikapasuka, vioo vimetapakaa mpaka kwenye gunia la mchele. Wanangu hucheza mle mchana. Mimi naona tatizo ni chupa, zilikuwa za zamani. Mume anasema ninunue mpya tujaribu tena. Mama mkwe alikuja asubuhi, akatazama, akasema, "Pombe haifungwi mdomo, nilikwambia," akaondoka. Tangu siku hiyo nikienda kwake anasema anaumwa mgongo, lakini nasikia jirani kapikiwa.

Shangazi, je, tatizo ni chupa kweli? Inawezekana kufanya hivi kwa usalama kabla ya sendofu? Na nifanyeje na mama? Chupa zilizobaki bado ziko stoo, nimefunga mlango kwa kufuli.

Mkwe wa Veyula

—

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hiyo stoo, mengine yatasubiri. Kufuli imezuia watoto, haikuzuia gesi, na mchana lile bati linapika hizo chupa. Ingia alfajiri, saa ambayo Dodoma ya Julai bado ina baridi. Vaa miwani hata kama ni ya jua, koti zito na glavu. Kabla hujagusa chochote, funika chupa zote kwa blanketi nzito au magunia yaliyoloweshwa, uziache hivyo zipoe. Kisha moja moja, mkono ukiwa chini ya gunia na uso ukiwa pembeni, legeza mfuniko taratibu hadi gesi itoke. Zile bapa usizibebe hata hatua moja kabla hazijapumua. Zilizozibwa kwa kizibo zing'oe hapo hapo zikiwa zimefunikwa. Mwaga vyote. Na mchele wa lile gunia usiuchekeche kutafuta vioo. Utupe.

Sasa swali lako. Chupa zina kosa lake, lakini si ndilo lililokulipulia stoo.

Chupa ya mvinyo haikutengenezwa kubeba gesi. Mvinyo wetu mwingi wa hapa Dodoma ni mtulivu, ukifika kwenye chupa umeshamaliza kazi. Chupa bapa ni mbaya zaidi, kwa sababu msukumo unapenda umbo la duara, na palipo bapa ndipo panapoachia. Lakini hata ungenunua chupa nene za bia, mpya kabisa, kwa ulichoweka ndani ningekushauri usilale nyumba hiyo.

Piga hesabu hii. Sukari gramu 4 ndani ya lita moja ya pombe, hamira ikiila yote, hutoa takriban lita moja ya gesi. Kijiko cha chai cha usawa ni kama gramu 4. Wewe uliweka viwili kwa nusu lita, yaani gramu 16 kwa lita. Hizo ni lita nne za gesi kwa kila lita ya pombe, na hicho ni kiasi cha soda au zaidi. Ale ya Kiingereza unayoiona kwenye video ina nusu ya hapo, na mara nyingi chini yake. Hiyo ni sukari yako peke yake, bado hatujagusa ujimbi wenyewe.

Na ujimbi ndio penye jambo. Ulivyoeleza, mama anapika uji kwanza, anaupoza, ndipo anatia unga wa kimea. Kile kimea hakichemshwi tena. Ndani yake kuna vimeng'enya vilivyozaliwa mtama ulipoota, na kazi yake ni kuvunja wanga kuwa sukari. Kwa kuwa havikuuawa na moto, vinaendelea. Uji ule mzito umejaa wanga, hata ukichujwa kwa kitambaa. Kwa hiyo siku ya pili, siku ya tatu, siku ya nne, sukari mpya inatengenezwa humo humo, na hamira ya asili iliyokuja na kimea inaila na kutoa gesi na kileo. Pembeni yake kuna bakteria wanaofanana na wale wa maziwa mgando, nao wanatengeneza asidi. Ndiyo maana mama hataki mtu aguse siku ya nne. Si mkosi wala si uchafu, ni kinywaji ambacho hakina mwisho wake mwenyewe. Mnywaji ndiye anayekimaliza.

Ale ni kitu kingine. Kule wanachukua maji ya kimea yaliyochujwa, wanayachemsha kama saa nzima. Vimeng'enya vinakufa, bakteria wanakufa, kiasi cha sukari kinabaki kilekile. Ndipo wanapoza na kutia hamira wanayoijua. Hamira inakula hadi sukari inayoiweza iishe, inatulia, inazama chini. Baada ya hapo ndipo wanaongeza sukari kidogo iliyopimwa kwa mizani na kufunga chupa, kwa kuwa sasa wanajua hasa ni gesi kiasi gani itakayotoka. Shemeji yako alikutumia hatua ya mwisho ya video na wewe ukaitia kwenye pombe ya mama, ambayo ilikuwa katikati ya safari.

Na kwa taarifa yake huko aliko: ale yao ya pipa, ile inayonywewa ikiwa hai, nayo hupewa nafasi ya kupumua ikifika baa. Juu ya pipa kuna kijiti laini chenye vitundu vidogo kinachoiacha ipumue hadi itulie, ndipo wanaweka kigumu. Chibuku, ambayo ni ndugu ya ujimbi iliyoingia kiwandani, kwa miaka mingi imeuzwa kusini mwa Afrika kwenye paketi zenye tundu la kupumulia, kwa sababu hiyo hiyo. Mama mkwe wako hakuwa na kinyongo aliposema pombe haifungwi mdomo. Alikuwa anakupa kanuni ya kazi.

Kwa hiyo jibu la chupa mia moja za ujimbi kwenye sendofu ni hapana. Mwambie mume wako nimesema mimi, anilaumu mimi.

Ila unaweza kutoa vitu viwili. Ujimbi wa mama utoke kwenye mitungi na kata, upikwe siku mbili kabla, watu wanywe kama wanavyokunywa miaka yote. Na kama mnataka chupa, pika ale ya mtama, pipa dogo la lita 20 tu, utapata chupa thelathini na kitu za nusu lita. Zinatosha meza kuu na wakwe. Wiki saba zinatosha ukianza juma hili.

Kwenye nafaka usifanye haraka. Mtama wako uwe wa mwaka huu na mkavu. Mweupe, kama ule wa aina ya Macia, ni mpole mdomoni kuliko mwekundu, ambao una ukakasi. Ondoa kila punje yenye ukungu au iliyobadilika rangi. Sisi wa mikoa ya kati tuna sababu ya kuogopa sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na kuchemsha hakuiondoi. Usinunue mbegu za kupanda zilizopakwa dawa hata zikiwa bei ya kutupa, na kama mtama wa ghalani uliwekewa dawa ya wadudu, acha. Loweka siku nzima ukibadilisha maji, vundika siku tatu hadi tano ukinyunyizia maji na kugeuza usishike joto ukaota ukungu, kisha anika hadi ukauke kabisa. Halafu sugua mizizi yote na miche itoke, upepete. Hilo si urembo. Miche ya mtama ina kitu kinachotoa sianidi, na kukausha na kupepeta ndiko kunakoipunguza. Ukipata ulezi, ufanyie hivyo hivyo na uchanganye theluthi moja, kwa sababu kimea chake ni hodari kuliko cha mtama katika kuvunja wanga.

Jumla ya kimea kiwe kilo 5 hadi 6, kisagwe kwa ukorofi kidogo, si unga laini. Hapa ndipo mapishi ya Kizungu yanapotudanganya. Wanga wa shayiri unalainika kwenye nyuzi 60 na kitu, wa mtama unataka zaidi ya 70, na joto hilo huua vimeng'enya vile vile unavyovitegemea. Tunazunguka hivi: koroga kimea chote kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 45 hadi 50, uache nusu saa kitulie. Teka maji ya juu yaliyojitenga, weka pembeni, hayo ndiyo yenye vimeng'enya. Kilichobaki chini kipike kiwe uji hasa. Upoze hadi kama nyuzi 65, ndipo urudishe yale maji na ushikilie joto hilo saa moja na nusu au mbili, sufuria ikiwa imefungwa blanketi. Ukionja utasikia utamu umepanda. Kidole cha mama kinatosha kwa ujimbi, lakini kwa hii nunua kipimajoto.

Chuja. Mtama hauna maganda ya kuchujia, kwa hiyo weka pumba za mpunga zilizooshwa chini ya kitambaa, la sivyo utakaa hapo hadi jioni. Chemsha maji yaliyochujika saa nzima. Poza haraka kwa kuweka sufuria kwenye beseni la maji baridi, mimina kwenye ndoo safi ya plastiki ya chakula yenye mfuniko, toboa tundu, pitisha mpira mwembamba ambao ncha yake imezama kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka, hewa haiingii. Hamira ya mkate itafanya kazi, ingawa ya pombe huzama vizuri zaidi na haina ladha ya andazi. Chumba kisichopigwa na jua, nyuzi 18 hadi 22. Usiku wa Julai Dodoma unakupa hilo bure, mchana usiiache chini ya bati.

Ikae wiki mbili. Usihukumu kwa mapovu, yanadanganya. Tafuta haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Kwenu ni rahisi kuliko mikoa mingine, kwa sababu wanaotengeneza mvinyo huku hupima nacho sukari ya zabibu, na watakuelekeza kinakouzwa. Namba ikiwa ile ile siku tatu mfululizo, pombe imemaliza. Ikiwa bado inashuka hata kidogo, usifunge. Kila namba moja kwenye kipimo hicho, yaani kutoka 1.012 kwenda 1.011, ni karibu nusu lita ya gesi kwa kila lita ya pombe, na sasa unajua maana yake.

Ikishatulia, nyonya pombe ya juu kwa mpira uiache takataka ya chini. Kwa lita 20 pima sukari gramu 80 kwa mizani, iyeyushe kwenye kikombe cha maji yaliyochemka, changanya kwenye ndoo nzima taratibu bila kupiga povu. Usiweke kijiko kwenye kila chupa. Mkono hauna usawa, na chupa moja iliyopata mara mbili inatosha kumtoboa mtu jicho.

Chupa: kwa mara ya kwanza sahau kioo. Tumia chupa za plastiki za soda za nusu lita, na ni za soda, si za maji ya kunywa ambazo ni nyepesi. Zioshe, zisuuze kwa dawa ya klorini na kisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Jaza ubakize vidole viwili. Plastiki ina faida ambayo kioo hakina: unaiminya. Siku ya kwanza inabonyea, ikishakuwa ngumu kama chupa mpya ya soda, gesi imetosha, ipeleke kwenye friji. Kwa joto la kwenu inaweza kuwa wiki moja, inaweza kuwa mbili. Ziweke kwenye kreti lililofunikwa, chumba ambacho watoto hawaingii. Najua mume wako anataka kioo na lebo. Atapata lebo.

Kuhusu biashara aliyonayo kichwani, tenganisha. Kugawa kwenye sherehe ya nyumbani ni jambo moja, kuuza ni jingine. Kuuza pombe kunataka leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, hata kama ni ujimbi wa ndoo, na kuanzia kwa mtendaji wa kata ndiko kutakakokupunguzia safari za bure. Ukifungasha kwenye chupa na kuweka lebo, unaingia kwenye mikono ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa vyakula na vinywaji. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wana ofisi Dodoma na wamezoea kuongoza wajasiriamali wadogo kwenye njia hiyo. Kabla ya yote hayo, hakuna chupa inayouzwa kwa jirani kimya kimya. Ikimpasukia mtoto wa mtu, jina la ukoo liko kwenye lebo.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu wewe umemfanya wa mwisho.

Sidhani kama amekasirikia chupa. Soma tena barua yako. Video imetoka Uingereza, wazo la utajiri limetoka kwa shemeji, chupa mia moja zimetoka kwa mume wako, jaribio umefanya wewe, na lebo itakuwa na jina la ukoo. Pombe ni ya nani? Hakuna mahali ulipoandika kwamba kuna mtu aliyemuuliza. Alipotoa neno lake moja, mlilichukulia kama ushamba wa bibi. Ningekuwa yeye mgongo ungeniuma pia.

Usimtume mume akaombe radhi kwa niaba yako. Nenda mwenyewe, jioni, na debe la mtama mzuri. Usianze na maelezo ya chupa. Mwambie sendofu ni ya binti yake, na ungependa yeye ndiye aamue pombe gani inywewe, ipikwe siku gani na nani asaidie. Akikubali, mwombe ukae jikoni kama msaidizi tangu kuloweka. Halafu, mkiwa mnageuza kimea, ndipo umwambie ulivyojua kwa nini pombe haifungwi mdomo, kwamba kimea chake hakichemshwi na kwa hiyo kinaendelea kufanya kazi. Usishangae akikujibu kwamba anajua.

Ile ale ya lita 20 mwonyeshe pia, na umwachie aonje wa kwanza. Akisema haina ladha, mkubalie. Pengine atakuwa amesema kweli, maana ukichemsha maji ya kimea saa nzima unaua hata ule uchachu ambao watu wa Veyula wanaupenda. Na kama siku moja mtauza kitu, sehemu yake ya fedha ipangwe mbele yake kabla ya lebo kuchapwa, kwa kiasi kinachotajwa kwa mdomo na wewe ukiwepo. Usikubali ile ya "mama tutamwona".

Kimea cha ale kiloweke wiki hii. Cha ujimbi, muulize mama.

Shangazi